Majina Manne ya Shule Moja

Mwezi Septemba mwaka 1884, katika mji wa San Francisco, pwani ya magharibi ya Marekani, mtoto wa miaka minane aitwaye Mamie Tape alikataliwa shule. Shule yenyewe ilikuwa ya mtaani kwao, Spring Valley, tena ya serikali, inayoendeshwa kwa kodi ambayo hata baba yake alikuwa akilipa. Mwalimu mkuu, Bi. Jennie Hurley, alimzuia asiingie. Umri ulikuwa unatosha na Kiingereza alikizungumza vizuri. Kosa lake lilikuwa moja tu: wazazi wake walizaliwa China.

Wajukuu, mkiona babu ameanzia mbali, nivumilieni. Nataka kuwasimulia habari za shule ya msingi iliyoko Mtaa wa Clay, katikati ya Chinatown, mtaa wa Wachina wa San Francisco. Leo inaitwa Gordon J. Lau, na huyo Bwana Lau alikuwa diwani. Alizaliwa mwaka 1941, miaka mingi baada ya Mamie kurudishwa nyumbani. Lakini nikianza na Lau mtaniuliza, kwani diwani ni kitu gani hata shule ipewe jina lake? Madiwani wako wengi. Ndiyo maana tunaanza na Mamie.

Wachina walianza kufika California kwa wingi wakati wa mbio za dhahabu, karibu na mwaka 1850. Kwa lugha yao nchi ile waliiita Mlima wa Dhahabu. Wengi hawakuiona dhahabu hiyo. Walichimba, walifua nguo za watu, walilima, na maelfu yao walipasua milima ya Sierra Nevada kwa nyundo na baruti ili reli ya kuunganisha mashariki na magharibi ipite. Reli ilikamilika mwaka 1869. Kazi ilipoisha na maisha yalipokuwa magumu, watu wakatafuta wa kumlaumu, wakamwona Mchina. Mwaka 1882 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, na sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1943.

Watoto je? San Francisco iliwahi kuwa na shule ya watoto wa Kichina, lakini mwaka 1871 wakuu wa elimu waliifunga. Kwa miaka kumi na minne baada ya hapo, mtoto wa Kichina hakuwa na shule yoyote ya serikali mjini humo. Wazazi walilipa kodi kama wenzao. Waliotaka watoto wasome waliwategemea wamisionari au walimu wa kulipwa nyumbani.

Sasa hao wazazi wa Mamie hawakuwa watu wa kunyamaza. Baba, Joseph Tape, alifika Marekani akiwa kijana akitokea kusini mwa China, akajijengea biashara ya kusafirisha mizigo kwa magari ya farasi. Mama, Mary, aliletwa akiwa bado mtoto, akalelewa na wamisionari. Alijua kuchora, alijua kupiga picha kwa kamera wakati ambapo kamera ilikuwa kitu cha kustaajabisha, na hata simu ya maandishi aliweza kuituma. Walikaa mbali na Chinatown, majirani zao wakiwa wazungu. Mtoto wao alipokataliwa, wakaenda mahakamani.

Januari 1885, Jaji James Maguire alitoa hukumu. Mtoto amezaliwa hapa, alisema, kwa hiyo Katiba inamlinda kama inavyomlinda mwingine yeyote. Tena si haki kumtoza mzazi kodi ya shule kisha kumfungia mtoto wake mlango wa shule hiyohiyo. Wakuu wa elimu walikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, na Machi mwaka huohuo wakashindwa tena.

Hapo mngedhani hadithi imekwisha, Mamie kabeba mkoba kaenda darasani. Ngojeni. Msimamizi wa elimu wa mji, Andrew Moulder, alikuwa ameisoma hukumu kwa jicho la wakili. Mahakama ilisema mtoto wa Kichina lazima apewe shule. Haikusema ni lazima iwe Spring Valley. Akapeleka ujumbe haraka kwa wabunge wa jimbo, nao wakapitisha sheria: mji unaweza kuwajengea watoto wa Kichina shule ya peke yao, na ikishajengwa, hawana ruhusa ya kuingia nyingine. Aliposhindwa mbele ya jaji alipitia dirisha la bunge. Wakati huo Mamie alikuwa amerudi Spring Valley, mkononi ana ushindi wa mahakama, naye akaambiwa darasa limejaa, na tena hati zake za chanjo hazijakamilika.

Mama yake alikasirika hasira ambayo hata leo ukiisoma inachoma. Aliandika barua kwa Bodi ya Elimu, ikachapishwa gazetini Aprili 1885. Kiingereza chake kilikuwa na makosa ya sarufi hapa na pale, na sidhani kama kuna mtu aliyesoma barua ile akakumbuka sarufi. Aliwauliza ni kosa gani kuzaliwa Mchina, na akaapa kwamba Mamie hatakanyaga shule hiyo ya kutengwa.

Shule ya kutengwa ilifunguliwa mwezi huohuo wa Aprili, ndani ya Chinatown. Ikaitwa Shule ya Msingi ya Wachina. Hilo ndilo jina la kwanza kati ya manne. Na wanafunzi wa kwanza kufika walikuwa nani? Mamie Tape na mdogo wake Frank.

Wako wanaomcheka mama yao kwa hilo, eti kiapo chake kilikwenda wapi. Mimi simcheki hata kidogo. Mtoto hukua kila siku, kesi haikui. Mary Tape alipigana kadiri ya uwezo wake, halafu akafanya anachofanya mzazi mwenye akili: akahakikisha watoto wanajifunza kusoma.

Shule ile iliendelea na maisha yake, na wazazi wa Chinatown wakajifunza namna nyingine ya kupigana. Jimbo lilikuwa likitoa fedha za shule kwa kuhesabu wanafunzi wanaohudhuria. Vijana waliomaliza shule ya msingi walipokataliwa kuingia sekondari, wazazi walitishia kuwatoa watoto wote shuleni, fedha za jimbo zipungue. Mwaka 1905 Bodi ililegea, na milango ya sekondari ikafunguliwa. Pale ambapo hoja ya haki haikusikika, hoja ya mfuko ilisikika vizuri kabisa.

Mwaka uliofuata, alfajiri ya Aprili 18, 1906, ardhi ilitetemeka. Kilichoteketeza San Francisco zaidi ya tetemeko lenyewe ni moto uliofuata, uliowaka kwa siku kadhaa na kuifuta Chinatown yote. Shule nayo ikaenda na majivu. Iliyofunguliwa baada ya hapo ilipewa jina la pili, Shule ya Oriental, yaani ya watu wa Mashariki. Jina lilipanuliwa kwa makusudi. Oktoba 1906 Bodi iliamuru kwamba watoto wa Kijapani na wa Kikorea nao wakasome huko.

Watoto wa Kijapani katika shule zote za mji walikuwa 93. Idadi hiyo ingeingia kwenye madarasa mawili matatu ya shule zenu, na bado ilitosha kuzitikisa dola mbili. Japani ilikuwa imetoka kuishinda Urusi vitani mwaka 1905, na haikuwa nchi ya kuchezewa. Ilipolalamika, Rais Theodore Roosevelt mwenyewe aliwaita wakuu wa mji wa San Francisco hadi Washington kuzungumza nao. Mwisho wake, amri ya kuwatenga Wajapani iliondolewa mwaka 1907, na Japani ikakubali kutotoa tena pasipoti kwa vibarua wake waliotaka kwenda Marekani. Watoto wa Kichina walibaki palepale. China ya wakati huo ilikuwa dhaifu, na hakuna rais aliyemwita mtu kwa ajili yao.

Jina la tatu lilikuja mwaka 1924: Commodore Stockton. Robert Stockton alikuwa ofisa wa jeshi la majini aliyeongoza kuitwaa California kutoka Meksiko katika vita vya mwaka 1846. Sina ugomvi naye, ila sioni alichowahi kuufanyia mtaa ule. Pengine uzuri wa jina hilo ulikuwa kwamba halikumwambia mtoto chochote kuhusu rangi yake. Baada ya "Wachina" na "Mashariki", hata hilo lilikuwa nafuu.

Katika shule hiyo ya Stockton ndipo alipoingia mwalimu ambaye ningetamani mngemwona. Aliitwa Alice Fong Yu. Alizaliwa mwaka 1905 katika mji mdogo wa wachimba dhahabu, California, na alipotaka kusomea ualimu, mkuu wa chuo alimwambia wazi kuwa hakuna shule itakayomwajiri. Akamjibu kwamba hana shida, ataenda kufundisha China, ambako watu wake wanamhitaji. Akapokewa chuoni. Alipohitimu mwaka 1926, mji wa San Francisco ukagundua kwamba una shule nzima iliyojaa watoto wasiojua Kiingereza na hauna mwalimu hata mmoja anayejua lugha yao. Akaajiriwa, mwalimu wa kwanza wa asili ya Kichina katika shule za serikali za mji huo. China hakwenda. Pale shuleni alikuwa mwalimu, mkalimani, muuguzi na mshauri wa wazazi, yote kwa mshahara wa mtu mmoja. Leo mjini humo kuna shule yenye jina lake, na watoto wanasomeshwa ndani yake kwa Kichina na Kiingereza.

Sheria ya kuwatenga watoto wa Asia ilifutwa California mwaka 1947. Waliosukuma mambo hadi ikafika hapo walikuwa familia za Kimeksiko za kusini mwa jimbo, akina Mendez na wenzao, walioshinda kesi yao kuhusu shule za kutengwa. Gavana aliyetia saini ya kuifuta alikuwa Earl Warren. Mwaka 1954, akiwa Jaji Mkuu wa Marekani, ndiye aliyesoma hukumu ya kupiga marufuku shule za ubaguzi wa rangi nchi nzima.

Lakini kumruhusu mtoto aingie darasani si sawa na kumfundisha. Miaka ya 1970 San Francisco ilikuwa na wanafunzi wapatao 2,800 wa asili ya Kichina wasiojua Kiingereza, na kama 1,800 kati yao hawakupewa msaada wowote. Walikaa kwenye madawati wakisikiliza sauti. Nyie mliohama darasa la Kiswahili mkaingia sekondari ya Kiingereza mnaelewa zaidi ya jaji yeyote. Wazazi walishtaki, na Januari 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ilisema mtoto asiyeelewa lugha ya mwalimu hajapewa elimu sawa hata kama kapewa kitabu kilekile na dawati lilelile. Kesi hiyo inaitwa Lau dhidi ya Nichols. Angalieni sana: huyo Lau ni Kinney Lau, aliyekuwa mwanafunzi mdogo wakati huo. Si Lau wetu. Watu wazima wenye shahada huwachanganya hawa wawili, nyie msiwachanganye.

Basi tumfikie Lau wetu. Gordon Lau alizaliwa Honolulu, kwenye visiwa vya Hawaii, akawa mwanasheria San Francisco. Mji huo unaongozwa na meya pamoja na madiwani kumi na mmoja, na hadi miaka ya 1970 hakukuwa na Mchina aliyewahi kuchaguliwa kukaa kwenye baraza hilo. Fikirieni: jamii iliyokuwepo mjini tangu siku za dhahabu, iliyojenga, iliyoungua na kujenga tena, zaidi ya miaka mia moja bila kiti kimoja cha kuchaguliwa.

Sehemu ya sababu ilikuwa namna ya kupiga kura. Kila diwani alipigiwa kura na mji mzima. Ukitaka ushindi ilibidi ujulikane kila kona na uwe na fedha za kujitangaza kila kona, na jamii ndogo ilimezwa na kura za walio wengi. Wananchi wakabadilisha utaratibu. Kwenye uchaguzi wa Novemba 1977 mji uligawanywa katika kata kumi na moja, kila kata ikachagua diwani wake. Kabla ya uchaguzi huo, Meya George Moscone alikuwa amemteua Lau kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Lakini kuteuliwa ni jambo moja, kuchaguliwa ni jingine. Lau akagombea, akashinda.

Na hapa kuna kitu ambacho mimi hukipenda kuliko vyote katika habari zake. Hakugombea Chinatown. Alisimama kata ya kwanza, upande wa Richmond, magharibi ya mji, kaskazini ya bustani kubwa ya Golden Gate. Huko waliishi watu wa kila asili, na kura za Wachina peke yake zisingempeleka popote. Majirani wa aina mbalimbali walimwangalia mwanasheria huyu wakasema anatufaa. Baraza lililochaguliwa siku ile lilikuwa na sura ambazo ukumbi ule haukuzizoea: alikuwemo pia Ella Hill Hutch, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa diwani wa San Francisco.

Furaha hiyo ilikatwa vibaya. Novemba 27, 1978, aliyekuwa diwani, Dan White, aliingia ukumbi wa mji na bastola akamuua Meya Moscone na diwani Harvey Milk. Sitawaeleza zaidi ya hapo. Mkikua mtasoma wenyewe. Rais wa baraza, Dianne Feinstein, akawa meya, na madiwani waliobaki wakarudi kazini katika jengo lilelile.

Mwaka 1979 Lau aligombea tena akashindwa. Mtu mwingine angenuna akaenda zake. Yeye aliendelea na shughuli za mji, na mwaka huo Marekani na China zilipofungua tena uhusiano wa kibalozi, alikuwa miongoni mwa waliouunganisha mji wao na Shanghai, ikawa miji dada. Alifariki mwaka 1998, akiwa na umri usiozidi miaka 57. Baada ya kifo chake ndipo shule ya Mtaa wa Clay ilipopewa jina la nne, jina lake.

Hesabuni wenyewe. Kama diwani hakumaliza hata miaka mitatu, na kuna madiwani waliokaa kitini miaka ishirini ambao hata choo cha soko hakiitwi kwa majina yao. Sidhani kwamba mtaa ule ulikuwa unapima muda. Majina matatu ya mwanzo yaliamuliwa na watu waliokaa kwenye vyumba ambavyo hakuna Mchina aliyechaguliwa kuvikalia. Lau alikuwa mtu wao wa kwanza kuingia chumba cha namna hiyo kwa kura. Leo shule inapokea watoto kuanzia chekechea hadi darasa la tano, na wengi wao nyumbani wanazungumza Kikantoni, lugha ya kusini mwa China alikotoka Joseph Tape. Na Spring Valley, ile iliyomrudisha Mamie? Ipo hadi leo, na watoto wa asili ya Kichina wanasoma humo.

Msidhani ugomvi wa majina umekwisha San Francisco. Januari 2021 Bodi ya Elimu ilipiga kura kubadilisha majina ya shule 44 kwa mpigo, ikisema waliopewa heshima hiyo walikuwa na doa la utumwa au uonevu. George Washington alikuwemo, Abraham Lincoln alikuwemo. Alikuwemo hata Dianne Feinstein, akiwa bado hai na ni seneta, kwa sababu ya bendera fulani iliyorudishwa kwenye mlingoti mbele ya ukumbi wa mji mwaka 1984, alipokuwa meya. Wakati huo shule za serikali zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, na wazazi wakauliza kwa nini majina ya kwenye mageti yanajadiliwa huku watoto wako nyumbani mbele ya skrini. Wanahistoria nao walionyesha kwamba utafiti wa kamati ulikuwa na makosa ya wazi. Aprili Bodi ikaurudisha nyuma uamuzi wake, na Februari 2022 wapiga kura wakawaondoa wajumbe watatu kabla muda wao haujaisha. Miongoni mwa waliojipanga kuwaondoa walikuwa wazazi wengi wa asili ya Kichina, wakisajili wapiga kura wapya na kugawa vipeperushi vya Kichina mitaani. Katika orodha ile ya shule 44, ya Mtaa wa Clay haikuwemo.